Nywila Iliyo Kwenye Kaunta Buku

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, maduka ya steshenari hujaa vijana waliotoka kumaliza kidato cha sita. Kila mmoja ana bahasha yake ya kaki: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, picha za pasipoti, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, fomu yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Niliwahi kukaa nusu siku katika duka moja la namna hiyo nikisubiri kazi yangu ichapwe, nikapata nafasi ya kutazama. Kijana huketi kwenye benchi; kipanya hukishika mwenye duka. Yeye ndiye anayefungua akaunti, anayebuni anwani ya barua pepe na kuchagua nywila. Akimaliza huiandika kwenye kaunta buku lenye jalada gumu, jina la mwombaji kushoto, nywila kulia, ukurasa baada ya ukurasa.

Mchana ule alirudi binti mmoja kuangalia kama ombi lake limepokelewa.

"Shikamoo kaka. Samahani, ulisema nywila yangu ni ipi?"

"Marahaba mdogo wangu. Ngoja niitafute."

Akapitisha kidole kwenye kurasa mbili tatu, akaipata, akaiingiza mwenyewe huku binti amesimama upande wa pili wa kaunta. Nilimuuliza binti kama shuleni kwao kulikuwa na somo la kompyuta. Alisema alilisoma hadi kidato cha pili, na bila kusita akanieleza tofauti ya RAM na ROM. Alieleza vizuri kabisa.

Mwenye duka simlaumu. Bila yeye, wengi wa vijana wale wangepitwa na tarehe ya mwisho. Lakini tangu siku hiyo nimelitazama upya suala zima la kufundisha kompyuta sekondari. Kwa miaka mingi mjadala wetu umekuwa wa idadi: mashine ngapi zimekabidhiwa, shule ngapi zimeunganishwa na intaneti. Mimi sasa napima kwa kaunta buku lile. Mwanafunzi akiondoka shuleni, funguo za mambo yake ya mtandaoni anazo yeye au anazo mtu mwingine? Kwa kipimo hicho bado tuko nyuma, na uhaba wa vifaa ni sehemu tu ya maelezo.

Historia yenyewe ilianza kwa mashaka. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta kuleta hasara, Tanzania ilizuia kompyuta kuingizwa nchini. Somo la kompyuta lilikuja kuingia sekondari katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, likifundishwa zaidi katika shule binafsi, seminari na shule chache za Serikali zenye umeme wa kutegemewa. Mwaka 2007 ikatoka sera ya TEHAMA katika elimu ya msingi, wakati nchi iko katikati ya kasi ya kujenga shule za kata chini ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004. Watoto wakaingia sekondari kwa wingi usiowahi kuonekana. Kisha ikaja kampeni ya maabara, kati ya 2012 na 2015, ambapo wananchi walichangishwa fedha, mchanga na tofali. Maabara zilizoagizwa kwa kila shule zilikuwa tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Chumba cha kompyuta hakikuwemo katika hesabu. Imebidi tusubiri shule zinazojengwa kwa SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari ulioidhinishwa 2020, ndipo tuone jengo la TEHAMA limo kwenye ramani tangu msingi unapochimbwa.

Na mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, unalo somo la Sayansi ya Kompyuta katika sekondari ya chini. Kwenye karatasi, basi, tumefika mahali pazuri. Hofu yangu ni kwamba jina jipya litaingia katika mazoea ya zamani.

Mazoea hayo yanajulikana na yeyote aliyekaa nyuma ya darasa. Katika shule moja niliyotembelea, kipindi cha kompyuta cha kidato cha pili kilifanyika kwa chaki. Mwalimu, kijana mwenye bidii, alichora kibodi nzima ubaoni, vitufe vyote, kwa rula. Wanafunzi wakainakili. Baadaye akawapa vizazi vya kompyuta: kizazi cha kwanza kilitumia mirija ya ombwe, cha pili transista, cha tatu saketi unganishi. Hatua kumi kutoka pale ulikuwepo mlango wenye kufuli, na nyuma yake kompyuta kumi na mbili zilizofunikwa vitambaa vya kudariziwa. Sita zilikuwa zinawaka. Ufunguo ulikuwa kwa mkuu wa shule, na mkuu alikuwa amesafiri kikazi.

Mkuu yule naye ana sababu zake. Mashine zikiibiwa au zikiungua kwa umeme wa kukatika na kurudi, atakayeandika maelezo ni yeye. Hakuna anayemwita kujieleza kwa sababu kompyuta zimekaa mwaka mzima bila kuguswa. Utaratibu wetu unamwadhibu anayetumia kifaa kikaharibika na kumwacha anayekifungia. Hapo pana jambo ambalo ofisi za elimu za wilaya zingeweza kulibadilisha kwa waraka mmoja: kompyuta ya shule ihesabiwe kama chaki na karatasi, kitu kinachotegemewa kuisha kwa sababu ya kutumika.

Yupo pia mwalimu mwenyewe. Shuleni, anayejua kompyuta huwa mtumishi wa kila ofisi. Mitihani ya muhula anaichapa yeye. Alama za darasa zima anaziingiza yeye. Usajili wa watahiniwa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani ni wake, takwimu zinazotakiwa na TAMISEMI ifikapo saa nane mchana ni zake, na mwalimu mwenzake akisahau nywila ya mfumo wa utumishi humfuata yeye. Mwaka 2022, baada ya sensa ya Agosti, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilipelekwa kwa walimu. Uamuzi ule ulikuwa mzuri. Lakini katika shule nyingi uliongeza kazi moja zaidi kwa mtu yuleyule, maana ndiye aliyetakiwa kuwaelekeza wenzake wote. Vipindi vyake vinaliwa na kazi za ofisi, na hakuna anayeviona vikiliwa, kwa kuwa muda wote anaonekana yuko mbele ya kompyuta.

Je, kwa hali hiyo somo lifundishweje? Nianze na chaki ileile, kwa sababu naiheshimu. Kuna mambo ya msingi ya kompyuta ambayo hayahitaji hata tone la umeme. Chukua wanafunzi kumi, wasimamishe mstari mmoja bila mpangilio, uwaambie wajipange kwa kimo kwa sharti moja: mtu anaruhusiwa kujilinganisha na jirani yake tu, na wanabadilishana nafasi kama aliye kushoto ni mrefu zaidi. Mwanafunzi wa kumi na moja ahesabu kila ulinganisho. Raundi ya kwanza ni tisa, ya pili nane, na kuendelea hadi moja. Jumla arobaini na tano. Sasa uliza darasa zima la watu arobaini lingehitaji kulinganisha mara ngapi kwa njia hiyo. Watahangaika, watagundua ruwaza, na watakuja na 780.

Hapo ndipo utamu unapoanza. Waambie watafute njia fupi. Yupo atakayesema tugawane makundi, kila kundi lijipange, kisha tuunganishe. Ukiunganisha mistari miwili ambayo tayari imepangwa, unawalinganisha wa mbele wawili tu. Aliye mfupi anatangulia. Fanya hivyo kuanzia vikundi vya mtu mmoja mmoja hadi darasa zima, na kwa watu arobaini ulinganisho hautazidi 177. Kutoka 780 hadi 177, bila kununua mashine yenye nguvu zaidi, kwa kufikiri tu. Mwanafunzi aliyeona hilo kwa miguu yake mwenyewe ameshika kiini cha sayansi ya kompyuta zaidi kuliko yule aliyekariri mirija ya ombwe.

Kisha fungua mlango wa chumba cha kompyuta. Kwa kompyuta sita na bila bando lolote, wanafunzi wanaweza kuandika ukurasa wa tovuti kwa programu ya Notepad inayokuja na mashine, wauhifadhi kama faili la HTML, wakaufungua kwenye kivinjari. Nimeona kipindi cha namna hiyo. Kundi moja liliandika jina la shule yao kwa herufi zilizokolezwa, likasahau alama moja ndogo ya mshazari ya kufunga, na ukurasa mzima kuanzia pale hadi chini ukakolea. Walikaa dakika ishirini wakisoma mstari mmoja mmoja kutafuta kosa. Aliyeliona ni binti aliyekuwa amekaa pembeni akiangalia tu. Alinyoosha kidole kwenye kioo, wakarekebisha, ukurasa ukakaa sawa. Wengine walipiga makofi. Yeye alirudi kukaa, lakini safari hii alikaa mbele ya kibodi.

Tatizo ni kwamba mtihani ukimtaka mwanafunzi ataje sifa tano za kompyuta, mwalimu mwenye akili atarudi kufundisha sifa tano za kompyuta. Katika hili Kenya wamepiga hatua inayofaa kuigwa. Somo la kompyuta katika mtihani wa KCSE lina karatasi tatu: nadharia, vitendo, na mradi. Katika mradi mtahiniwa hupewa hali halisi, tuseme maktaba au zahanati inayotaka kutunza kumbukumbu zake, naye hutumia miezi kadhaa kubuni mfumo, kuujenga, kuujaribu na kuuandikia ripoti. Ninajua ipo miradi inayonunuliwa saiba ikiwa tayari. Dawa yake ni kumwita mwanafunzi mbele ya mradi wake, umwambie aongeze kipengele kimoja hapo hapo. Aliyenunua atajulikana kabla chai haijapoa.

Kenya hiyohiyo inatupa onyo. Ahadi ya mwaka 2013 ya kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza ilianza kutekelezwa 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi za umma. Kazi ya usambazaji ilikuwa kubwa. Lakini watoto walipofika sekondari ya chini, iliyoanza Januari 2023, somo la kompyuta lilikuwa la hiari, na mwaka uliofuata, masomo yalipopunguzwa, likaunganishwa na biashara ndani ya Pre-Technical Studies. Vifaa vilitangulia, njia ya kuendelea navyo haikuwa imenyooshwa.

Mpaka hapa nimezungumzia nusu moja ya somo. Nusu ya pili ni ya habari na picha zinazopita mikononi mwa kijana kila saa, na hiyo karibu tumeiacha nje ya darasa kabisa. Shule zetu nyingi zinapiga marufuku simu, na kwa bweni lenye watoto mia nne naelewa kwa nini. Ila kukataza simu shuleni ni jambo moja, na kukataa kuizungumzia ni jambo jingine. Likizo mtoto anarudi nyumbani, anashika simu ya mama yake, na anakutana peke yake na kila kitu ambacho mwalimu wake hakutaka kukigusa.

Mwalimu angeweza kuleta picha moja tu, iliyochapwa kwenye karatasi. Kila masika Dar es Salaam, bonde la Jangwani likijaa maji, picha huanza kuzunguka WhatsApp zikiwa na maneno "Jangwani sasa hivi". Waulize wanafunzi: kwenye picha hii, barabara ya mabasi ya mwendokasi iko wapi? Mabasi yale yalianza kazi Mei 2016. Ikiwa barabara yenyewe haionekani popote pale inapopaswa kuwa, picha si ya leo. Huenda ni ya mafuriko ya Desemba 2011. Mwanafunzi anayeijua Jangwani ataliona kabla yako. Kutoka hapo wafundishe kuuliza nani alituma kwanza, lini, na nini kimekatwa pembezoni mwa picha.

Au lete ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye laini amewahi kuupokea: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Uandike ubaoni. Kwa nini hauna jina? Kwa nini unasema "ile", kana kwamba mmeshazungumza? Darasa litagundua kwamba mwandishi hamjui mtu yeyote. Anatuma kwa maelfu akitegemea kwamba miongoni mwao wapo wachache ambao dakika hiyo walikuwa kweli wanajiandaa kumtumia mtu fedha. Hilo ni somo la lugha, la hesabu ya uwezekano na la usalama kwa wakati mmoja. Kijana aliyelipitia atamwokoa bibi yake.

Na sheria ziwemo darasani. Tangu 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayomgusa hata anayesambaza uongo akijua ni uongo. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayompa kila mtu haki juu ya taarifa zake. Tunawapa vijana wajibu na haki hizi bila kuwaambia kwamba wanazo. Binti wa steshenari hakujua kwamba jina lake, namba yake ya simu na nywila yake kwenye kitabu cha mtu mwingine ni jambo ambalo sheria ina neno nalo.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya uraia, kompyuta ibaki kuandika programu. Uingereza walipita njia hiyo. Mwaka 2012 Royal Society ilitoa ripoti kali kwamba somo lao la TEHAMA limebaki mafunzo ya programu za ofisini. Septemba 2014 mtaala wa England ukageukia sayansi ya kompyuta. Kugeuka kulikuwa sahihi. Lakini ripoti ya jumuiya hiyohiyo mwaka 2017 ilikuta zaidi ya nusu ya shule hazitoi somo hilo katika mtihani wa GCSE, na miongoni mwa wanaolifanya, msichana ni mmoja kati ya watano. Ukilifanya somo liwe la msimbo mtupu, wengi hubaki nje ya mlango, na wasichana ndio wa kwanza kubaki. Nusu hizi mbili zinahitajiana.

Juu ya yote hayo imelala lugha. Mtoto anamaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, na wiki chache baadaye anaambiwa aeleze kifaa cha kuingizia data kwa Kiingereza, lugha ambayo hajaimudu. Ugumu wa dhana na ugumu wa lugha vinamwangukia pamoja, na mwalimu akiona kimya hudhani kompyuta ndiyo ngumu. Kiswahili chenyewe kina maneno ya kutosha. Wakenya wana tarakilishi, sisi tumebaki na kompyuta. Kuna nywila na nenosiri. Kishikwambi kilikuwa neno la wachache, sensa ikalifanya la wote. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700, wengi wao hawajawahi kukaa darasani, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili katika shindano la Global Learning XPRIZE. Bila mwalimu wa kawaida, wengi walianza kusoma maneno. Mashine ilisema nao kwa lugha waliyoamka nayo. Sidai mtihani wa kidato cha nne ubadilishwe lugha kesho. Ninadai mwalimu asione haya kueleza dhana kwa Kiswahili mpaka ieleweke, ndipo alete jina lake la Kiingereza.

Kuna jambo moja jipya linalofanya haya yote yawe ya haraka. Tangu mwisho wa 2022 kijana mwenye simu na bando dogo anaweza kuandikiwa insha, barua ya kazi, hata programu nzima na akili mnemba. Asiyejua kusoma msimbo hawezi kujua kama alichopewa kina kosa, na asiyezoea kuhakiki picha ya Jangwani hawezi kuhakiki aya inayoongea kwa uhakika. Mwenye duka la steshenari alau unaweza kumrudia ukamuuliza.

Wakuu wa shule, walimu wa taaluma, na nyinyi wazazi mlioko kwenye bodi za shule: mtaala utachukua miaka kukaa sawa, na mitihani itabadilika polepole. Lakini kabla kidato cha sita hawajaondoka mwaka huu, fungueni chumba cha kompyuta kwa vipindi viwili. Kila mwanafunzi afungue barua pepe yake kwa mkono wake, abuni nywila ambayo hakuna mwingine anayeijua, atoke na kurudi tena mara tatu mpaka aizoee. Mashine moja inayowaka inatosha, na bando la siku moja.